Huu Ushatungwa

Nilikuwa nimeapa. Sebuleni kwa akina bi harusi, Kibokoni, na kikombe cha kahawa chungu mkononi, nilimwapia kaka mtu kwamba wimbo wa kuingilia bwana harusi nitautunga mwenyewe, mahadhi na maneno, usiowahi kusikika na sikio la mtu. Alikuwa analipa vizuri, na alitaka kitu cha peke yao. Harusi za siku hizi zote zaingia na wimbo mmoja, alisema, mpaka mtu husahau yuko kwa nani.

Mimi ni mpiga kinanda. Wiki nzima napiga hotelini huko Bamburi, nyimbo za wageni, na mwisho wa wiki napiga harusi. Kutunga si kazi yangu ya kila siku, kwa hivyo nilihangaika nao wimbo huo siku kumi bila kitu. Siku ya kumi na moja ukanijia kwenye feri ya Likoni, nimesimama nyuma ya mkokoteni wa madafu, jua la saa saba laniwaka kisogoni. Ulikuja umekamilika. Ho-di-ni, ho-di-ni, ho-di-ni, eee! Silabi mbili za haraka, ya tatu yakaa kidogo. Mara tatu, kama hodi inavyopigwa, kisha sauti yaruka juu kama mlango uliofunguliwa ghafla, halafu yashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini. Bwana harusi yuko nje, abisha, watu wa nyumbani wamjibu. Nilijirekodi kwenye simu hapo hapo, nikiogopa usinitoke. Mwenye madafu alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Usiku wa harusi, ukumbi ulikuwa wa wanawake. Mimi na mwenzangu wa dumbaki tuliwekwa nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, twasikia tu vigelegele na bangili. Nikaanza hodi ya kwanza. Ilipofika ya pili, upande wa pili wa pazia kuna sauti ya kizee ikadakia. Sikushangaa, watu hupenda kuitikia. Kilichonishangaza ni kwamba haikuwa ikinifuata. Ilikuwa mbele yangu. Mimi bado nabisha ya tatu, yeye ashafika juu. Nikishuka ngazi, namkuta chini anisubiri. Na maneno aliyoimba hayakuwa yangu wala hayakuwa Kiswahili.

Wimbo ulipokwisha, pazia likafunguliwa kidogo, uso ukaingia. Mama wa miaka sabini na kitu, hina mpya, kipepeo cha kujipepea mkononi.

"Mwanangu, nani kakutungia huu?"

"Mwenyewe, bibi."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mimi nalikuwa n'kienda sinema ya Naaz na mamangu, nawe hujazaliwa, na mamako hajaolewa. Huu hauna kutungwa. Huu ushatungwa."

Mwenzangu wa dumbaki akajitia anakaza ngozi ya ngoma yake.

Nilifika nyumbani Kisauni saa nane za usiku, sikulala. Nikawa naandika kwenye simu yale maneno ya Kihindi kama nilivyoyasikia, kwa herufi za kubahatisha, mpaka jaribio la nne au la tano likanipa. Wimbo wa filamu iitwayo *Chhaya*, ya mwaka 1961. Waimbaji ni Talat Mahmood na Lata Mangeshkar, mtunzi Salil Chowdhury. Nikabonyeza. Hodini, hodini, hodini, eee. Wangu ulikuwa umekaa juu ya mapigo ya chakacha, basi. Nilikuwa nimeuvisha leso tu, mwili ni ule ule.

Asubuhi nikampigia mamangu, nikamwimbia kwenye simu zile noti za mwanzo. Akamalizia mwenyewe, bila kuombwa. "Si ule wa kaseti ya babako? Ukicheza kila Ijumaa nikiwaogesha." Sikumbuki kaseti hiyo hata kidogo. Nakumbuka beseni, nakumbuka sabuni ikiniingia machoni. Wimbo sikuukumbuka, lakini ulikuwa umekaa huko huko miaka arobaini ukinisubiri nipande feri.

Ningekuwa na akili ningeuacha hapo. Lakini hotelini, wakati wageni wanangoja chakula cha jioni, huwa napiga chochote kinachonijia, na juma hilo hakukuwa na kingine kilichonijia. Mzee mmoja kutoka Austria alikuwa ameketi karibu na birika la kuogelea. Nilipoanza, mkono wake ukaanza kupunga hewani, wa kushoto, kama mtu aongozaye kwaya. Alipokuja kuniwekea noti ya mia tano kwenye bilauri, alisema neno moja: Mozart.

Naam. Simfoni namba 40, aliyoitunga mwaka 1788. Salil Chowdhury aliichukua wazi wazi, wala si siri, kila mpenzi wa nyimbo za filamu huko India ajua. Basi itazame hiyo safari. Vienna, Bombay, sinema ya Naaz, kaseti ya marehemu babangu, beseni la kuogea, feri ya Likoni, harusi ya Kibokoni. Na mimi niliyeko mwisho wa foleni ndiye niliyeapa kwamba ni wangu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia wimbo fulani umeibwa kwa fulani, huwa sina haraka ya kukubali, na sina haraka ya kukataa pia.

Mpwa wangu anayo haraka. Ana miaka ishirini na mbili, anatengeneza biti chumbani kwake hapo Mshomoroni, na kila juma ananiletea kesi mpya. "Mjomba, sikiza hii, halafu sikiza hii. Wameiba." Mara nyingi alichokisikia ni kordi nne, zile noti za kubonyezwa pamoja. Siku moja nilimkalisha kwenye kinanda nikamwonyesha: C, G, A maina, F. Nikazungusha. Juu yake nikaimba wimbo wa kanisani, nikaingia wa bongo fleva, nikaingia wa Kizungu wa mapenzi, nikaingia tangazo la redio la sabuni, sikunyanyua mkono wala kubadilisha chochote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hivyo wote wameiba?" Nikamwambia hapana, wote wamepika wali. Wali hauna mwenyewe. Muulize mtu kuhusu mchuzi.

Na midundo ni vivyo hivyo. Ile besi ya amapiano inayogonga kama gogo tupu, mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, ilitoka Afrika Kusini na sasa iko kila matatu ipitayo Daraja la Nyali. Nyimbo kumi zikiwa na besi hiyo zitafanana hata kama watunzi wake hawajawahi kuonana. Chakacha yetu je? Wanawake wa Pwani waliicheza kwenye harusi zao kabla ya umeme, na bendi za hoteli zikaipeleka kwenye magitaa. Mombasa Roots walipoipiga kidisko miaka ya 80, hakuna somo, yule kungwi wa harusi, aliyetoka Mji wa Kale akaenda kudai. Mapigo yakiwa na mwenyewe, harusi zote za Pwani zina deni.

Ndiyo sababu ile kesi ya Marekani ya wimbo wa mwaka 2013 uitwao *Blurred Lines* hainiingii akilini mpaka leo. Baraza la mahakama lilisema mwaka 2015 kwamba watunzi wake waliutoa kwa Marvin Gaye, wimbo wake wa 1977, na rufaa ikakubali mwaka 2018, wakaamriwa kulipa karibu dola milioni 5. Nimezipiga zote mbili na mkono huu. Mahadhi hayafanani. Kordi hazifanani. Kinachofanana ni sherehe: ile kengele, kelele za watu nyuma, besi inayojikwaa. Yaani walihukumiwa kwa harufu ya jikoni. Ed Sheeran alishitakiwa New York kwa wimbo wake wa 2014, *Thinking Out Loud*, kwamba ameutoa kwenye wimbo wa Marvin Gaye tena, wa 1973, na mgogoro ulikuwa hasa kordi nne na namna zinavyoingia kabla ya pigo. Alibeba gitaa mahakamani akawapigia. Walalamishi nao walikuwa na video yake akiunganisha nyimbo hizo mbili jukwaani, moja ndani ya nyingine, na wakadhani wamemkamata. Ningekuwa shahidi ningewaambia njooni hotelini Alhamisi usiku, mimi huunganisha sita. Mei 2023 wakamwachilia, na ni haki.

Lakini George Harrison, yule wa Beatles, ni mambo mengine, na huyo ndiye ninayemfikiria nikikumbuka yule mama na kipepeo chake. Wimbo wake, *My Sweet Lord*, ulitoka mwaka 1970. Kikundi cha wasichana, The Chiffons, kilikuwa na wimbo wa 1963, *He's So Fine*. Hapa si kordi. Hapa kuna kipande kifupi cha noti tatu zinazoshuka, kinarudiwa, kisha kipande cha pili, nacho kinarudiwa, kwa mpango ule ule, mpaka na kile kinoti kidogo cha pembeni ambacho mtu hukiteleza tu akipita. Jaji Richard Owen, mwaka 1976, hakusema Harrison ni mwongo. Alisema wimbo ule alikuwa akiujua, na akili yake ilimpa bila yeye kujua imeutoa wapi. Niliposoma hayo nilihisi sabuni machoni.

Kilichofuata kesi ile kingefaa kibarazani wakati wa kahawa. Aliyekuwa meneja wa Harrison, aliyemtetea mwanzoni, akageuka akainunua ile kampuni iliyokuwa ikimshitaki. Mwaka 1981 jaji akasema huyu hali faida hapa, atapewa zile dola 587,000 alizonunulia na Harrison achukue haki za wimbo. Hiyo ndiyo aibu kubwa ya kesi nzima, kwangu mimi, kuliko noti zenyewe.

Kwa hivyo nina kipimo changu, nimekipata kwa yule mama, na sijaona cha wakili yeyote kikishinda. Mpigie mtu wimbo asioujua. Kama anakufuata, hata kama anaitikia vizuri, umempa wali. Kama anakutangulia, anajua kona iko wapi kabla hujaikata, basi hiyo kona ina mwenyewe.

Sasa, babu zetu wa taarab wangecheka wakisikia nalumbana hivi. Hapa Mombasa kuazima mahadhi hakukuwa kosa, kulikuwa ndiyo kazi. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alijenga jina lake juu ya mahadhi ya Kihindi, na watu wakijaa mpaka barabarani. Wakijua. Filamu inaonyeshwa Regal au Naaz, na haipiti muda kuna harusi ambapo mahadhi yale yale yaimbwa na maneno ya Kimvita, tabla na tashkota, kile chombo cha nyuzi na vibonyezo, zalia, na hakuna aliyeuliza mahadhi ya nani. Swali lilikuwa: shairi la nani? Hapo ndipo watu walipokuwa wakali. Shairi la Ahmad Nassir ukilichukua ukajitia ni lako, hutapata pa kukaa. Vina vikipinda, utazomewa. Mahadhi yalikuwa chombo, kama sahani ya jirani, unaazima, unapakulia biriani yako, kesho unairudisha na kitu ndani yake.

Na wapo waliochoka na sahani za jirani. Zein l'Abdin alishika udi wake akarudi kwenye mahadhi ya Kiswahili na Kiarabu, akiimba mashairi ya zamani aliyopewa na Sheikh Ahmed Nabhany, na ukimsikia unajua hakuna sinema hapo. Nilimwona akipiga mara mbili. Mimi nawapenda wote wawili na sitaki kuchaguzwa. Ila kati ya wale wawili hakuna aliyedanganya, kila mmoja alisema alikotoa. Mimi ndiye niliyeapa sebuleni kwa watu.

Pesa ndizo zilizobadilisha mambo, sidhani kama ni masikio. Sahani ikiazimwa mtaani, mwenyewe anaijua na atakuja kuifuata. Ikipanda ndege, haijulikani tena. Solomon Linda alirekodi *Mbube* Johannesburg mwaka 1939. Dunia nzima imeuimba ule wimbo wa simba, yeye akafa mwaka 1962 hana kitu, na binti zake wakaja kupata makubaliano mwaka 2006. Nyumbani hapa tuna letu. Kila siku ya kazi, bila kukosa, napiga *Jambo Bwana*. Huo uliimbwa na Them Mushrooms, vijana wa Pwani waliokuwa wakipiga kwenye hoteli kama mimi, umetungwa na Teddy Kalanda Harrison, ukatoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. wakautoa wao. Angalau mara moja kwa mwezi mgeni huja kuniambia kwa furaha kwamba naupiga vizuri wimbo wa Boney M. Zamani nilikuwa nasahihisha. Siku hizi natabasamu, lakini wimbo ukiisha nausema kwa kipaza sauti: Them Mushrooms, Mombasa, Harrison wetu sisi. Meneja wa hoteli aliwahi kuniambia nipunguze maneno.

Na kuhusu *Malaika*, sitaki hata kuanza. Fadhili William aliurekodi, Adam Salim alidai ni wake, na wazee wawili wa kijiweni kwetu hawajasemezana tangu Ramadhani ya mwaka juzi kwa sababu yake.

Nilimrudia yule kaka wa bi harusi, kwa taarifa yenu. Nilienda na nusu ya pesa kwenye bahasha nikamweleza yote, Mozart mpaka beseni. Alisikiliza, akaniuliza swali moja tu: maneno je? Nikamwambia maneno ni yangu, wallahi. Akairudisha bahasha. "Basi umetunga." Mtoto wa Kibokoni kweli huyo. Kisheria pia sina deni kwa Mozart. Hapa Kenya haki ya mtunzi huisha miaka 50 baada ya kufa kwake, na yule alikufa mwaka 1791. Kwa Salil Chowdhury, aliyefariki mwaka 1995, sina hakika kama moyo wangu uko safi hivyo.

Juzi Jumapili nilipita kwa mpwa wangu kuchukua waya. Mlango ulikuwa wazi, yeye amevaa spika za masikioni, kichwa chayumba, hakunisikia hodi. Aliponiona akachomoa waya ili sauti itoke nje. "Mjomba, sikiza hii, hii ndiyo itakayonitoa." Lile gogo la amapiano likaanza kugonga, chini kabisa, kavu. Halafu juu yake, kwa sauti ya filimbi ya kompyuta: noti mbili za haraka, ya tatu yakaa. Mara tatu. Kisha ikaruka.

Nilikuwa juu kabla yake.

"Umeitoa wapi?"

"Imenijia tu. Juzi, nilikuwa naoga."

Alikuwepo kwenye ile harusi. Alibeba kinanda changu, akakaa na mimi nyuma ya pazia usiku kucha akila sambusa. Kifua kikanipanda. Huo ni wimbo wangu, nilitaka kumwambia, na wallahi neno "wangu" lilikuwa lishafika kwenye meno.

Nikavuta kiti. Nikamwambia ile noti ya juu aisogeze mbele nusu pigo, na filimbi hiyo haifai, aweke tashkota.